Alipopata Mtu wa Kumsomea

Mtoto wa dada yangu alikuja kukaa nasi Mwanza akitokea Kwimba, mwaka aliotakiwa kuanza darasa la tatu. Dada alikuwa ameshaniambia kwenye simu: hesabu anaziweza, ng'ombe wa babu yake anawajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe, ila kitabu hataki hata kukiona. Ripoti ya shule alikotoka ilimwita mvivu wa kusoma.

Jioni moja, wiki za mwanzo, alichukua kitabu chake cha Kiswahili akanisomea ukurasa mzima bila kukwama popote. Nikiwa nafurahi, nikaona kidole chake kiko mstari wa pili na mdomo umeshafika wa tano. Alikuwa amekariri. Ukurasa ule aliusikia darasani ukisomwa na watoto wote kwa pamoja, akaushika kama ulivyo, na kurasa nyingine nyingi vilevile. Sikumwambia kitu. Kesho yake tukiwa jikoni nilimwomba anionyeshe neno "maji" kwenye pakiti ya unga wa uji. Akaigeuza pakiti huku na huku, kisha akasema kuna mtu anamwita nje.

Mtoto anayekariri kitabu kizima ili watu wasigundue kwamba hajui kusoma si mvivu hata kidogo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kusoma kwenyewe, na aliifanya peke yake, kila siku, akiwa na hofu. Walimu wake siwalaumu. Darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache, mwalimu atampata saa ngapi mtoto mmoja amsikilize? Wanasoma kwa kuitikia, na ndani ya sauti nyingi mtoto anajificha vizuri sana. Siku anapoinuliwa asome peke yake ndipo anapoumbuka, na kuanzia siku hiyo kitabu kwake kinakuwa ni kitu cha kumwaibisha mbele ya watu.

Kwanza nilimpeleka apimwe macho na masikio. Vyote vilikuwa salama. Naomba mzazi asiiruke hatua hii, kwa sababu mtoto asiyeona ubao vizuri hawezi kusema haoni. Hajawahi kuona vingine.

Kisha nikataka kujua hasa anakwama wapi. Nilikuwa nafahamu vipimo vya kusoma vya mpango uitwao Uwezo, vile ambavyo watu walipita navyo nyumba kwa nyumba hapa Tanzania, Kenya na Uganda: mtoto anapewa silabi, akizimudu anapewa maneno, halafu aya, halafu hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Nikaandika karatasi zangu za namna hiyo kwa mkono, tukakaa nje chini ya mwembe watu wakiwa hawapo, nikamwambia hakuna kupata wala kukosa, nataka kujua tuanzie wapi.

Ba, be, bi, bo, bu alikuwa nazo. Tatizo lilikuwa herufi mwambatano: nya, mwa, ndwe, ng'o. Hapo anasimama. Na neno likiwa refu anashika silabi mbili za mwanzo, zilizobaki anabuni. Akiona "walipowakuta" anasema "walikuja". Akiona "hatukuyaona" anasema "hatukuja". Kwa hiyo hata alipojaribu kwa haki, hadithi haikumpa maana yoyote, na kitu kisicho na maana nani atakipenda?

Kiswahili kinamhurumia msomaji mchanga upande mmoja: ukishajua sauti za herufi unaweza kutamka neno lolote, hata usilolijua. Upande wa pili kinamtesa, kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba mtendaji, wakati, mtendewa na mengine. Tulichofanya ni kufunika kwa kidole. Tunatafuta kwanza kile kipande anachokijua, "kuta", kisha tunafungua kuelekea kushoto: wakuta, powakuta, lipowakuta, walipowakuta. Vipande vya katikati havina maana vikiwa hivyo, akacheka sana mara ya kwanza, lakini ulimi ulizoea. Baada ya muda nikawa namwona anafunika mwenyewe bila kuambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunalijua. Huyu mtoto amekulia kwenye Kisukuma, kwa hiyo "r" na "l" zinabadilishana mdomoni mwake, na "mtu" anatamka "mutu". Alikuwa anaweza kusoma sentensi sawasawa kabisa, akakatizwa katikati kwa sababu ya matamshi, darasa likaangua kicheko, naye akaamini hajasoma. Mtoto aliyetazama neno "mtu" akatamka "mutu" amelisoma. Amelitambua, analijua maana, ameendelea mbele. Matamshi yana wakati wake, kwenye mazungumzo, kwenye nyimbo, wakati hakuna kitabu mkononi. Jambo hili nililishikilia sana nyumbani, hata wageni waliokuja nikawaomba wasimrekebishe.

Lakini hayo yote ni ufundi wa herufi, na ufundi peke yake haukumfanya afungue kitabu kwa hiari. Aliyefanya hivyo ni bibi yake.

Mama yangu anaishi nasi. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya ngumbaru. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na huku kwetu tayari kulikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza 1968 kwa msaada wa UNESCO, makao yake hapahapa Mwanza. Vitabu vyao vya kujifunzia vilihusu shughuli walizokuwa wakizifanya: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mama alijifunza kusoma kwa habari za pamba, jioni, baada ya kutoka kwenye shamba hilohilo la pamba. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 aliufanya akiwa na dada yangu mgongoni, na mpaka leo ukimuuliza atakueleza alikaa sehemu gani ya chumba. Tangu hapo amekuwa msomaji: Biblia, gazeti la mtu yeyote aliyepita, daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wakati mtoto anakuja kwetu, mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Uso wa mtu aliutambua, maandishi hakuyaona tena.

Ilianza kwa boksi la dawa zake. Alimwita mjukuu, akamwambia, "Mume wangu, hebu nisomee hapa, asubuhi ni vidonge vingapi?" Hakukuwa na mtu mwingine nyumbani. Kwa bibi hakuna kusema unaitwa nje. Akasoma, polepole, akirudia, mpaka akapata. Bibi akashukuru kama mtu aliyesaidiwa, kwa sababu kweli alikuwa amesaidiwa. Nilivyoelezwa jioni ile, nikaona njia.

Nikaomba kwa wote nyumbani kwamba baada ya chakula cha jioni bibi atasomewa na mjukuu wake, na wengine tusikae nao. Televisheni inazimwa, mimi naosha vyombo, kila mtu ana shughuli yake. Wao wawili wanakaa barazani chini ya taa, umeme ukikatika wanatumia tochi ya simu.

Bibi hauoni ukurasa. Mtoto akiruka neno, hajui. Akitamka "l" badala ya "r", hajali. Kitu pekee anachojua ni kama maana imemfikia. Isipomfikia anasimamisha: "Subiri, sasa huyu fisi kafikaje tena kwenye mtumbwi?" Hapo mtoto anarudi mwenyewe kwenye mstari, anatafuta, anafunika kwa kidole, anapata: aliposhuka, si alipanda. Anajirekebisha bila kuaibika, kwa sababu swali halikuwa la kumpima yeye. Bibi alitaka kujua habari za fisi. Mimi ningekaa pale na macho yangu mazuri, kila kosa ningeliona, na hata nisingesema neno, mtoto angelisoma kosa lake usoni mwangu.

Naamini kabisa hapa ndipo pa kuanzia na mtoto aliyekwisha kuumizwa na kusoma: mpe mtu anayehitaji kusomewa kweli. Si lazima awe haoni. Mdogo wake wa miaka minne anafaa sana. Jirani ambaye hakupita shule anafaa. Kinachotakiwa ni kwamba msikilizaji awe na shida na habari yenyewe, asiwe na shida na kosa.

Cha kusoma nacho tulikitafuta kote. Siku ya Jumamosi ananisaidia dukani kwangu, nauza pembejeo, na siku moja mzee mmoja alileta pakiti ya mbegu za mahindi akataka kujua nafasi ya kupandia. Nilikuwa na mteja mwingine, nikamwambia mtoto amsomee. "Sentimita sabini na tano kwa thelathini." Mzee akarudia kwa sauti akaenda zake shambani na maneno aliyosomewa na mtoto wa darasa la tatu. Yule mtoto alirefuka siku ile. Maandishi ya viuatilifu sikumpa, hizo chupa hazishikwi na watoto, lakini mbegu na mbolea zilikuwa zake.

Kisha mpira. Mwaka 2024 timu yetu ya Mwanza, Pamba Jiji, ilirudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka ishirini, na Mwanza nzima ilikuwa haina habari nyingine. Mtoto alikuwa anajua majina ya wachezaji kwa kuyasikia redioni. Nikaanza kununua gazeti la michezo, Mwanaspoti, namwachia mezani bila kusema. Alianza na msimamo wa ligi, kwa sababu ni majina na namba tu, na namba hazimtishi. Akahamia kwenye maelezo mafupi chini ya picha. Siku ambayo Pamba imecheza anataka kujua wameandika nini, na habari anayotaka kuijua mtu huisoma hata ikiwa ngumu kupita kiwango chake. Bibi hakuwa na habari na mpira, lakini alisomewa hivyohivyo, na sasa anajua nani yuko kwenye hatari ya kushuka daraja.

Jirani yangu, mtu ninayemheshimu, aliniambia gazeti la michezo si kusoma, nimpe vitabu vya maana. Sikubaliani naye. Mtoto anayejifunza kutembea humchagulii njia nzuri na mbaya. Kwanza miguu ipate nguvu.

Jambo lililovunja kabisa ukuta wa herufi mwambatano lilitoka kwenye hadithi za bibi mwenyewe. Msukuma yeyote amesikia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo, na kijana Masala Kulangwa aliyeliua akawatoa wote tumboni. Bibi aliisimulia usiku mmoja, na kesho yake nilimwomba mtoto anisimulie mimi. Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa herufi kubwakubwa, kwenye daftari jipya. Kisha nikampa asome. Maneno yote alikuwa anayajua kwa sababu ni yake. Na lile jina, Shing'weng'we, lenye ng' na w zimefuatana mara mbili, alilisoma bila kusita, huku "ng'ombe" ya kitabu cha shule ilikuwa inamkwamisha. Nikamwonyesha ni herufi zilezile. Alitazama muda mrefu. Kuanzia hapo ng'o, ng'a, ng'we hazikumsumbua, na tukaingia kwenye nyw na mbw kwa njia hiyohiyo, tukianzia kwenye maneno ambayo ulimi wake unayamiliki tayari. Daftari lile lilijaa hadithi zake, na lilikuwa kitabu cha kwanza alichokisoma mwanzo hadi mwisho.

Vitabu vya kuchapishwa vilikuja baadaye. Nilitafuta vyembamba, vyenye picha nzuri na mistari michache kwa ukurasa, vya aina inayosimamiwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao umekuwa ukifanya kazi hiyo tangu 1991. Kwenye simu nilipakua hadithi za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini unaotoa hadithi bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zenye maneno machache tu hadi zenye aya ndefu, na hilo linamsaidia mzazi asiyejua aanzie wapi. Nilimwanzisha ngazi ya chini kabisa, iliyo rahisi mno kwake. Watu wazima tunaogopa kumpa mtoto kitabu kilicho chini ya darasa lake, tunaona tunamdumaza. Mtoto aliyezoea kushindwa anahitaji kumaliza vitabu, vingi, harakaharaka, aone kwamba kitabu ni kitu kinachomalizika.

Likizo ilipofika tulikwenda maktaba ya mkoa. Masharti yangu yalikuwa mawili: achague mwenyewe, na akikichoka arudishe bila kueleza. Safari ya kwanza alichagua vitabu vyenye picha za wanyama akarudisha karibu vyote bila kuvimaliza. Niliona sawa. Mimi pia nikianza kitabu kibaya naacha, kwa nini yeye alazimike? Akikwama zaidi ya mara nne au tano kwenye ukurasa mmoja, tunakubaliana hicho ni cha baadaye, tunakiweka. Na anachokipenda anaruhusiwa kukirudia apendavyo. Kimoja cha mvuvi na mamba alikirudia mpaka jalada likachanika, nikalishona kwa uzi wa gunia la mbolea, kwa idhini ya mkutubi.

Pia mimi namsomea. Ana miaka kumi na watu wanashangaa, mtoto mkubwa hivyo bado unamsomea! Namsomea vile ambavyo bado viko juu yake, vyenye safari ndefu na watu wengi, ili asidhani vitabu vyote duniani vinaishia kwenye mistari mitatu kwa ukurasa. Kuna jioni namsomea sentensi, naye anairudia akifuata kwa macho, kisha tunaisoma pamoja, kisha anaisoma peke yake. Mbio za sauti, mahali pa kupumzika kwenye nukta, mahali pa kupandisha kwenye swali, hayo huyapata kwa kusikia, hakuna namna ya kumwelezea akaelewa.

Zawadi za pesa au pipi kwa kila kitabu sikuzitoa, ingawa dada alishauri. Mtoto akilipwa ili asome ataelewa kwamba kusoma ni adhabu inayohitaji fidia.

Halafu mwaka jana bibi alifanyiwa upasuaji wa macho, jicho moja, baadaye la pili. Akapewa miwani. Furaha ya mama yangu siwezi kuieleza: alisoma kalenda ya ukutani, akasoma kanga zetu zote, akasoma mpaka risiti. Na mtoto akanyamaza. Jioni ya kwanza bibi alichukua gazeti mwenyewe, mjukuu akakaa pembeni, kisha akaenda kulala mapema. Vitabu havikuguswa tena. Nilipata wasiwasi kwamba kumbe alikuwa anampenda bibi tu na vitabu havimo, lakini sikumsukuma.

Kulikuwa na kitabu cha kijana aliyepotea ziwani ambacho walikuwa wameacha katikati kwa ajili ya hospitali. Bibi, kwa macho yake mapya, alikimaliza peke yake. Mjukuu akamuuliza kijana yule alipatikana? Bibi akasema, "Kitabu kipo mezani." Akambembeleza, akamwimbia, akamsukumia mbele kikombe chake cha chai, bibi akakataa kabisa kusema. Usiku ule nilipita chumbani nikamkuta kalala kifudifudi na tochi, anasoma, midomo inacheza bila sauti. Hakuna aliyemsikiliza, hakuna aliyemhitaji. Asubuhi walikaa barazani wawili wakabishana kama yule kijana alistahili kusamehewa na baba yake, bibi akisema hapana.

Siku hizi wanagombea Mwanaspoti. Shuleni mambo yamekuwa mazuri kiasi. Yuko darasa la nne, upimaji wa kitaifa uko mbele yake, na akiinuliwa kusoma kwa sauti bado anasoma taratibu kuliko wenzake. Mwalimu wake wa sasa ana utaratibu ninaoupenda: humwambia mtoto siku moja kabla ni aya ipi ataisoma, akaifanyie mazoezi nyumbani. Ningependa walimu wengi waige hilo, halina gharama yoyote.

Tulichobakiza ni kuandika. Imla inamshinda, maneno marefu anayakata vipande pasipotakiwa, na ile alama ya ng' anaisahau kila mara. Tumeanza kumwandikia mama yake barua, kwa mkono, kwenye karatasi, tunampa kondakta wa basi la Ngudu, huko kwao Kwimba, na nimemkataza dada kujibu kwa simu. Ya kwanza ilikuwa na mistari mitano. Dada amejibu, na amemuuliza maswali kuhusu bibi, kuhusu Pamba, na kuhusu ndama aliyezaliwa nyumbani apewe jina gani. Hilo la ndama halina nafasi ya kusubiri, kwa hiyo leo jioni anaandika ya pili.